Taya la plasta na sukari ya damu

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Daktari wa meno anachukua umbo la kinywa cha mgonjwa kwa ule uji mzito unaoganda, ananiletea sinia lake, namimina plasta ndani, na baada ya muda mfupi nina taya la mtu mkononi. Karakana yangu iko Katuba, hapa Lubumbashi, na rafu zake zimejaa mataya. Kila moja nimeliandika kwa penseli: herufi za jina, tarehe, na tangu miaka ya karibuni naongeza herufi S kama mwenye taya ana ugonjwa wa sukari. Hakuna aliyeniagiza. Nilianza mwenyewe kwa sababu nilikuwa naona jambo lilelile likirudi, nikataka kuwa na uhakika.

Jambo lenyewe ni kwamba kwa wengi wenye S, mfupa ulioshika meno unaisha mapema, unaisha vibaya, na unaisha bila mwenyewe kusikia maumivu yoyote. Mgonjwa wa sukari anaambiwa habari za macho, figo na miguu, na ni vizuri aambiwe. Kwenye kuta za vituo vya afya kuna picha za vidonda vya miguu. Picha ya taya sijaiona bado. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza kinachompata kila mtu, awe na sukari au asiwe nayo. Mfupa unaozunguka mizizi ya meno upo kwa ajili ya meno tu. Jino likitoka, ule mfupa hauna kazi tena, na mwili unaanza kuuondoa. Ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'oa gego, upana wa ukingo wa taya mahali pale unaweza kupungua karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo dantie, yaani meno bandia, iliyotengenezwa haraka haraka baada ya kung'oa, ikakaa vizuri kabisa, baada ya miezi michache inacheza. Mteja anarudi amekasirika: "Papa, hii kitu inatembea mu kinywa!" Anadhani fundi amefanya kazi mbovu. Kumbe kilichobadilika ni taya lake. Tunaongeza rezini upande wa ndani, inashika tena. Hiyo ni kawaida, na kila fundi wa dantie anaijua.

Kisicho cha kawaida nilikiona kwa mama mmoja anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, katika soko la Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi). Meno yake ya mbele ya chini yalitoka moja baada ya jingine, na hayakuwa yameoza. Alikuwa ameyafunga kwenye kitambaa akanionyesha: meno mazima, mizizi mirefu, hayana tundu. Yalilegea tu. Moja lilitoka alipouma muhogo wa kuchemsha. Magego mawili yaling'olewa na daktari kwa sababu yalikuwa yananing'inia.

Nilipotoa taya lake kwenye sinia niliona ukingo wenye mabonde. Pale meno ya mbele yalipokuwa, umebaki mwembamba na umeshuka sana. Nyuma, mashimo ya magego bado yalionekana wazi, ingawa miezi ilikuwa imepita tangu kung'olewa; kwa muda ule mahali pale pangekuwa pameshajaa na kuviringika. Nikampigia simu daktari wake wa meno nikamuuliza kama yule mama amewahi kupimwa sukari. Hajawahi. Usiku alikuwa anaamka kunywa maji tena na tena, akiamini ni chumvi ya makayabu anayoyashika mchana kutwa. Walipompima asubuhi kabla hajala kitu, ilikuwa karibu 300 mg/dl. Kuanzia 126 asubuhi kabla ya kula, ikirudiwa siku nyingine ikatoka vilevile, huo ni ugonjwa wa sukari tayari.

Niseme wazi: plasta haipimi sukari. Tumbako inamaliza mfupa wa taya. Meno yasiyosafishwa miaka mingi yanaumaliza pia, na wapo waliozaliwa katika familia ambazo fizi zao ni dhaifu. Lakini meno mazima yakianza kulegea kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa, tone moja la damu kwenye kidole linatoa jibu.

Sasa, sukari inafikaje kwenye mfupa? Jambo hili nimelisoma sana na kuwauliza madaktari waliokuwa tayari kunijibu, na kadiri ninavyolielewa ndivyo linavyonigusa zaidi.

Mfupa ni kitu hai. Kila mwaka mwili wa mtu mzima unabadilisha takribani asilimia 10 ya mifupa yake, bila sisi kujua. Ni kazi ya vikosi viwili, kama mafundi wanaotengeneza barabara ya mtaani: wa kwanza wanachimba palipochakaa, wa pili wanafuata nyuma kujaza. Wanaochimba ni seli zinazoitwa osteoklasti, nao humaliza sehemu yao kwa wiki 2 au 3. Wanaojaza ni osteoblasti, nao huchukua miezi 3 hadi 4 kwa shimo lilelile. Kwa hiyo chochote kinachowadhoofisha wajazaji kinaacha mashimo nyuma. Mfupa wa taya unaoshika meno ni katika mifupa inayobadilishwa kwa kasi zaidi mwilini, maana kila tunapotafuna unabeba mzigo. Ndiyo sababu kosa dogo la kujaza linaonekana huko mapema.

Insulini, ambayo wengi tunaijua kama dawa ya kushusha sukari tu, ni chakula cha moyo kwa wajazaji hao. Osteoblasti zina milango ya kuipokea. Mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya 1, ambaye kongosho lake halitoi insulini, anaijenga mifupa yake katika umri ambao ingepaswa kuwa inajaa, huku kichocheo hicho kikiwa kimepungua. Mifupa yake huwa na uzito mdogo kuliko ya wenzake, na hatari yake ya kuvunjika nyonga ukubwani ni mara kadhaa ya ile ya watu wengine.

Kisukari cha aina ya 2, kile cha watu wazima wengi, kinafanya mambo yaliyonishangaza. Ukipima uzito wa mfupa kwa mashine, mara nyingi unaukuta wa kawaida, hata zaidi ya kawaida. Na bado unavunjika kwa urahisi. Papa yangu ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwanamume mwenye mwili, na sukari anayo tangu mimi nikiwa kijana. Msimu wa mvua aliteleza mlangoni mwa bafu. Si kuanguka kwa juu; aliteleza tu akakaa chini. Nyonga ikavunjika. Familia nzima ilisema haiwezekani, mtu mkubwa vile, mifupa yake si migumu? Daktari wa mifupa akatuketisha akatueleza kwamba ugumu ndio wenyewe tatizo.

Mfupa si chokaa peke yake. Ndani yake kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na nyuzi hizo ndizo zinazoupa mfupa uwezo wa kupinda kidogo bila kupasuka. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inajishikiza yenyewe kwenye nyuzi hizo na kuzifunga moja kwa nyingine, mahali ambapo hazikupaswa kufungwa. Nyuzi zinakakamaa. Mashine inayopima uzito haiwezi kuona hilo, kwa sababu chokaa ipo yote. Pia kwa wenye aina ya 2 kazi nzima ya kubadilisha mfupa inapungua kasi: damu yao mara nyingi ina osteokalsini kidogo, ambayo ni alama kwamba wajazaji wanafanya kazi, na ina sklerostini nyingi, ambayo huwaamuru wajazaji kusimama. Mfupa wa zamani unabaki mahali pake na nyufa zake ndogo, hakuna anayekuja kuzirekebisha. Ongeza kwamba mwenye sukari anaanguka zaidi, kwa sababu ya macho, kwa sababu ya miguu yenye ganzi, au kwa sababu sukari imeshuka ghafla baada ya dawa. Papa sasa anatembea na fimbo, na anatembea vizuri.

Mwaka 2007 watafiti wa maabara ya Gérard Karsenty huko New York walionyesha kwamba osteokalsini hiyohiyo, inayotengenezwa na mfupa, ilisaidia kongosho la panya kutoa insulini. Kwa binadamu mjadala bado unaendelea, na sitaki mtu aanze kutafuta vidonge vya osteokalsini sokoni. Lakini nilipolisoma nililiangalia lile rafu langu kwa heshima nyingine.

Kwenye taya kuna jambo la ziada ambalo nyonga haina: bakteria. Nyonga imefichwa ndani ya misuli na ngozi. Mfupa wa taya umetobolewa na meno, na kati yake na kinywa kuna ufizi mwembamba tu. Utando unaokaa kwenye meno ukiachwa, unageuka ukoko mgumu, fizi zinavimba na kutoka damu, na mfuko unafunguka kati ya jino na ufizi. Watu hudhani ni wadudu wanaotafuna mfupa. Anayeubomoa ni mwili wenyewe. Seli za ulinzi zinapopambana na bakteria zinatoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo zinaongeza protini moja iitwayo RANKL, ambayo ndiyo amri ya kuchimba. Osteoklasti zinaamka. Kwa mtu mwenye afya uvimbe ukitulia, amri inakoma na wajazaji wanaanza kazi. Kwa mwenye sukari isiyodhibitiwa uvimbe hautulii upesi. Zile protini zilizoshikwa na sukari zinauchochea uendelee, seli nyeupe za damu zinapambana vibaya, mishipa midogo inaleta damu pungufu, na osteoblasti zinakufa kabla hazijamaliza kujaza. Mabonde niliyoyaona kwenye taya la yule mama yalichimbwa hivyo.

Mwaka 1993 Harald Løe, daktari wa meno mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Marekani, aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la 6 linalotokana na kisukari, baada ya macho, figo, neva, mishipa na vidonda visivyopona. Mwenye kisukari ana hatari ya ugonjwa huo wa fizi karibu mara 3 ya mtu asiye nacho, na inayobeba uzito mkubwa ni sukari isiyodhibitiwa. Anayeishika sukari yake vizuri, hatari yake inakaribia ile ya majirani zake.

Na njia ni ya kwenda na kurudi. Fizi zilizovimba zinamwaga kemikali za uvimbe kwenye damu, na kemikali hizo zinafanya insulini isifanye kazi sawasawa, kwa hiyo sukari inapanda zaidi. Ukizitibu fizi, sukari inashuka. Si sana, lakini inashuka: kipimo cha HbA1c, ambacho maabara zetu huandika hémoglobine glyquée na ambacho kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, hupungua kwa takribani pointi 0.4 miezi 3 au 4 baada ya kusafishwa kwa kina chini ya fizi. Mtu mwenye 8.2 anaweza kufika 7.8 kwa kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, bila kuacha dawa zake. Kwa nini hatuambiwi hili siku ya kwanza tunapopewa karatasi ya dawa? Kusafisha ukoko kunagharimu pungufu ya dantie. Mimi ninaishi kwa dantie, na nasema hivyo.

Yule mama nilikataa kumtengenezea dantie wakati ule. Hakufurahi, kwa sababu anauza kwa mdomo, na mteja anamwangalia usoni. Daktari alimpa dawa, fizi za meno yaliyobaki zikasafishwa, na tukakubaliana kusubiri. Alipunguza kilima cha bukari (ugali) akaongeza lengalenga (mchicha). Kilichomshinda kuamini ni munkoyo, kinywaji chetu cha uji wa mahindi na mizizi. "Lakini mi siweke sukari!" Ni kweli haweki. Tatizo liko kwenye mizizi yenyewe ya munkoyo: ina vimeng'enya vinavyoivunja wanga ya mahindi kuwa sukari, ndiyo maana uji ule unakuwa mtamu bila mtu kuongeza kitu. Watu wengi hapa wanaacha soda wakishajua wana kisukari, kisha wanakunywa munkoyo jagi zima wakisema ni kinywaji cha asili. Ni cha asili, na kina sukari.

Tulipochukua umbo upya, sukari yake ya asubuhi ikiwa chini ya 130, mashimo ya nyuma yalikuwa yamefunga na ukingo umeviringika. Mfupa wa mbele haukurudi. Ukishaondoka hivyo haurudi wenyewe. Lakini ulikuwa umeacha kuondoka, na juu ya ukingo uliotulia dantie inakaa.

Kwa anayekwenda kung'oa jino na ana sukari: mwambie daktari kabla hajashika koleo, na umwonyeshe daftari la vipimo vyako. Nenda asubuhi, ukiwa umekula na kumeza dawa zako kama kawaida. Kuna imani ya kwenda tumbo tupu ambayo imewaangusha watu kwenye kiti, sukari ikishuka. Sindano ya ganzi haihitaji njaa. Kama baada ya wiki bado kuna maumivu, harufu au usaha, rudi siku hiyohiyo, usingoje sherehe ipite.

Kwa aliye na dantie tayari: itoe usiku, ioshe, iache kwenye maji. Mwenye sukari ana mate machache na kinywa chenye utamu, na kuvu hupenda kukaa chini ya dantie isiyotolewa. Paa la kinywa linakuwa jekundu na kuwasha, au linatoka utando mweupe. Dantie inayocheza irudishe kwa fundi mapema, kwa sababu kila inapotembea inakandamiza ukingo na mfupa unazidi kupungua, na kidonda kidogo inachochimba kwa mgonjwa wa sukari kinaweza kukaa wiki nyingi. Tafadhali, msibandike nyufa kwa gundi ya viatu. Nimepokea dantie za namna hiyo, na vidonda vilivyokuwa chini yake nimevionyeshwa.

Wengine wananiuliza kuhusu meno yanayofungwa kwa skrubu ndani ya mfupa. Kwa mwenye sukari iliyoshikwa vizuri yanashika karibu sawa na kwa wengine. Kwa sukari iliyo juu, mfupa unachelewa kuikumbatia skrubu na maambukizi ni rahisi. Hapo pia hesabu ya HbA1c ndiyo inayoamua, kabla ya pesa.

Na ukiwa umeandikiwa pioglitazone kwa ajili ya sukari, hasa kama wewe ni mwanamke aliyekoma hedhi, muulize daktari wako juu ya mifupa. Kundi hilo la dawa limeonekana kuongeza mivunjiko kwa wanawake. Usiache dawa kwa kusoma maandishi ya fundi wa meno. Uliza, kwa sababu zipo nyingine, na metformini haina sifa hiyo.

Papa bado ana meno yake mengi. Anasema hayamuumi, kwa hiyo hana la kwenda kufanya kwa daktari wa meno. Nimemwambia: Papa, fizi zinazopoteza mfupa haziumi, ndiyo hatari yake. Niliona damu kwenye mswaki wake niliposhinda kwake Kampemba, na jino lake moja la chini linatikisika ukiligusa kwa kidole. Jumatatu asubuhi namchukua, akishakula na kupiga insulini yake, tunaenda kupiga picha ya taya zima. Amekubali kwa sharti kwamba kama kuna dantie ya kutengeneza, nisimtoze.